Mti wa Jina na Mti wa Damu: Ushauri kwa Anayechora Nasaba ya Familia Chini ya Mlima Kenya

Familia nyingi za Nyeri, Karatina, Kerugoya, Murang'a na miji mingine inayouzunguka Mlima Kenya hazihitaji kufundishwa kuhesabu vizazi, kwa kuwa desturi ya Wakikuyu ya kuwapa watoto majina huzilazimisha kufanya hivyo kila mtoto anapozaliwa: mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili jina la babu mzaa mama, binti wa kwanza jina la nyanya mzaa baba, wa pili jina la nyanya mzaa mama, na wanaofuata hupewa majina ya ndugu za baba na ndugu za mama kwa zamu. Hata hivyo, mtu anayetaka kujua kwa nini presha ya macho imewapofusha ndugu watatu, au kwa nini mtoto mwenye ualbino amezaliwa na wazazi wasiokuwa nao, hugundua upesi kwamba hazina hiyo ya majina haimfikishi mbali, kwa sababu iliwekwa ili jina na shamba visipotee, ilhali sifa za kurithi hupitia damu ya pande zote mbili bila kujali ni nani aliyepewa jina la nani. Anayeanza kazi hii sharti aitenganishe miti miwili ambayo kwa kawaida husimuliwa kama mmoja, yaani mti wa jina na mti wa damu, na sehemu kubwa ya ushauri unaofuata inahusu namna ya kuitenganisha bila kuvunja uhusiano wa watu.

Mchoro wa nasaba huonyesha watu wa familia moja kwa vizazi kadhaa, namna walivyozaliana, na ni nani kati yao mwenye sifa inayochunguzwa. Alama zake zinafanana karibu duniani kote, kiasi kwamba daktari wa Embu na mwenzake wa Muscat wanaweza kuusoma mchoro mmoja bila mkalimani: mraba ni mwanamume, duara ni mwanamke, na umbo la almasi ni mtu ambaye jinsia yake haijulikani. Mstari mlalo huunganisha wazazi wawili, mstari wima hushuka kutoka hapo hadi kwa watoto, ambao hupangwa kuanzia kushoto kwa kufuata nani alitangulia kuzaliwa, na mistari miwili sambamba kati ya wazazi humaanisha kwamba wenyewe wana uhusiano wa damu. Mwenye sifa hujazwa wino, aliyefariki hukatwa kwa mstari wa mshazari, na mhusika kiini, yaani mtu ambaye hali yake ndiyo iliyofanya mchoro uanzishwe, huonyeshwa kwa mshale mdogo. Vizazi huandikwa kwa tarakimu za Kirumi kuanzia juu na kila mtu hupewa namba katika kizazi chake, hivi kwamba III-4 ni mtu wa nne wa kizazi cha tatu. Penseli, kifutio na karatasi ya manila vinatosha kabisa. Programu za kompyuta zipo, lakini hazina faida kubwa kabla ya mchoro wa mkono kufutwa na kurekebishwa mara kadhaa.

Namba hizo, ambazo kwingineko ni njia tu ya kurahisisha uandishi, chini ya Mlima Kenya ni za lazima. Ukoo mmoja wa Othaya unaweza kuwa na akina Wanjiru watano au sita katika vizazi vinne, wote wakiwa wamepewa jina la nyanya mmoja, na habari kwamba Wanjiru alikuwa na sukari haina thamani yoyote hadi ijulikane ni Wanjiru yupi. Utata huongezeka kwa kuwa mtoto aliyepewa jina la babu huchukuliwa kama babu mwenyewe, hata mama yake akamwita baba mbele ya wageni, na msikilizaji asiye makini akaandika ugonjwa wa mtoto katika safu ya mzee aliyefariki zamani. Wala kufanana kwa jina hakuongezi kufanana kwa damu. Mjukuu aliyepewa jina la babu mzaa baba hakurithi zaidi kutoka kwake kuliko alivyorithi nduguye aliyepewa jina la babu wa upande wa pili, kwa maana kila mmoja wao hupata nusu ya jeni zake, yaani chembe za maelekezo ya mwili zinazorithiwa, kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama, na mgao wa babu na nyanya ndani ya nusu hizo huwa wa bahati. Imani kwamba mtoto huugua maradhi ya aliyempa jina ni ya kuheshimiwa kama mapenzi ya familia, lakini haifai kuingia katika mchoro.

Kuhusu mahali pa kupata habari, eneo hili limejaliwa kuwa na maandishi mengi kuliko watu wanavyodhani. Vijitabu vya mazishi, vile vinavyochapishwa kwa kila marehemu vikiwa na picha yake jaladani na wasifu wake ndani, huorodhesha wazazi, ndugu, wake, watoto na wajukuu, na matangazo ya vifo magazetini hufanya vivyo hivyo kwa ufupi. Bibi anayeviweka kabatini kwa miaka 30 ana nyaraka ambazo hakuna ofisi iliyo nazo. Vitabu vya ubatizo vya misheni za zamani, kama zile za Wakonsolata, waliofika Kenya mwaka 1902, na za Kanisa la Presbiteri huko Tumutumu na Chogoria, huweza kuonyesha majina ya wazazi ambao hakuna tena anayewakumbuka. Barua ya chifu inayotolewa wakati wa kesi za urithi hutaja wajane na watoto kwa nyumba zao. Udhaifu wa maandishi haya yote ni mmoja: yanasema mtu alizaliwa na nani, lakini hayasemi alikufa kwa nini. Kijitabu cha mazishi kitaandika kwamba marehemu aliugua kwa muda mrefu, au kwa muda mfupi, na kuishia hapo. Tena mara nyingine hunyamaza kabisa kuhusu mtoto wa nje au nyumba ya pili, hasa kama wahusika wana mgogoro.

Ndiyo maana maswali hayaepukiki, na hapo mchoraji atakutana na kikwazo ambacho vitabu vya jenetiki vilivyoandikwa Ulaya havikitaji, nacho ni ardhi. Anayezunguka Tetu au Mukurwe-ini akiuliza ni nani aliyezaliwa na nani, na ni mke yupi aliyetangulia, hudhaniwa kuwa na jambo la shamba, na dhana hiyo si ya kipumbavu, kwani maswali hayohayo ndiyo yanayoulizwa mahakamani. Inafaa aanze kwa kutaja ugonjwa au sifa anayoichunguza, amweleze mzee wa familia kabla ya kumwendea mtu mwingine, asiandike namba ya kipande chochote cha ardhi katika daftari hilo, na asichore nyumba za wake kwa namna inayoashiria ukubwa au udogo wa haki zao. Mwanamume mwenye wake watatu huchorwa mraba mmoja wenye mistari mitatu ya kuunganisha, na watoto wa kila mama hushuka kutoka kwenye mstari wao. Kuwachanganya watoto wa nyumba mbalimbali katika safu moja, kwa hoja kwamba wote ni wa baba mmoja, huharibu hesabu yote, kwa sababu ndugu wa baba mmoja na mama tofauti hushirikiana kwa wastani robo ya jeni zao, wakati wale wa baba na mama mmoja hushirikiana nusu.

Watu wa kuulizwa kwanza ni wanawake wazee. Mwanamume wa mbari, yaani ukoo mdogo unaohesabiwa kupitia kwa wanaume, anaweza kutaja mababu saba mfululizo na asijue jina la ukoo aliotoka nyanya yake, ilhali shangazi na mama wakubwa hukumbuka nani alizaa mtoto asiyeona, nani alipoteza watoto mapacha, na nani alihama akaolewa Nanyuki au Meru. Wao pia ndio waliokuwapo wakati wa kujifungua. Wanapojibu, kila neno la ujamaa livunjwe katika hatua zake, kwa kuwa watu wa mjini humwita anko kila mwanamume wa rika la baba, na hata neno binamu halisemi kama ni mtoto wa shangazi au wa mjomba. Tofauti hiyo, kama itakavyoonekana katika suala la hemofilia, ndiyo inayoamua jibu lote.

Upole wa pekee unahitajika pale baba wa jina si baba wa damu. Wakikuyu walikuwa na ndoa ya mwanamke kwa mwanamke, ambapo mwanamke, mara nyingi mjane asiye na mtoto, alilipa mahari akaoa mwanamke mwingine ili watoto wake waendeleze jina la nyumba. Na leo kuna watoto wengi waliozaliwa na mabinti wasioolewa, wakapewa majina ya wazazi wa mama na kulelewa na nyanya kama watoto wake wa mwisho. Katika mti wa jina hao ni watoto kamili na hakuna mwenye haki ya kuwapunguza. Katika mti wa damu huunganishwa na mlezi kwa mstari wa vipande, na mzazi aliyewazaa kwa mstari kamili, na ikiwa habari hiyo ni siri ambayo mhusika mwenyewe haijui, ni bora baba aachwe na alama ya kuuliza kuliko siri kufichuliwa na karatasi ya manila iliyoachwa mezani.

Kuna pengo jingine ambalo ni la historia. Kati ya Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ilipotangaza Hali ya Hatari, na Januari 1960 ilipoiondoa, familia za Nyeri zilipoteza watu msituni, kizuizini na katika vijiji ambamo watu walihamishiwa kwa nguvu kuanzia 1954, na wengi wao hawana tarehe ya kifo wala kaburi. Mchoraji ajihadhari na makosa mawili yanayotokana na pengo hilo. Kosa la kwanza ni kukihesabu kifo cha ghafla cha kijana wa wakati huo kama dalili ya maradhi ya ukoo, hali kilitokana na risasi, njaa au homa ya kambini. La pili, ambalo ni la kificho zaidi, ni kumwandika kijana huyo kama mtu asiyekuwa na sifa inayochunguzwa: aliyefariki akiwa na miaka 25 hawezi kusemwa kuwa hakurithi ugonjwa unaojitokeza baada ya miaka 50. Kwa sababu hiyo umri wa kila mtu, au umri aliofia, huandikwa chini ya alama yake hata kwa kukadiria, na pale mwaka wa kuzaliwa usipojulikana, rika alilotahiriwa nalo husaidia kumweka karibu na mtu ambaye mwaka wake unajulikana.

Mchoro ukishajaa, kazi inayobaki ni kuusoma, na mfano mwepesi wa kuanzia ni kidole cha sita, ambacho si cha ajabu miongoni mwa watu wa asili ya Kiafrika. Mara nyingi sifa hii hurithiwa kwa njia ya utawala, maana yake ni kwamba nakala moja ya jeni kutoka kwa mzazi mmoja inatosha kuidhihirisha, hivyo katika mchoro huonekana ikishuka kutoka mzazi hadi mtoto, kwa wanaume na wanawake, ikiwapata takribani nusu ya watoto. Tatizo ni kwamba kidole hicho, ambacho kwa kawaida huning'inia upande wa kidole cha mwisho kikiwa hakina mfupa imara, hufungwa uzi siku za mwanzo za mtoto kikaanguka, na mtu hukua hadi uzee bila kujua kwamba aliwahi kuwa nacho. Badala ya kuuliza tu, mchoraji atazame ukingo wa nje wa kiganja, chini ya kidole cha mwisho, ambako mara nyingi hubaki kinundu kidogo kama chunjua. Vinundu hivyo vimewahi kuziba mapengo ya mchoro yaliyodhaniwa kuwa ni sifa kuruka kizazi. Hata hivyo ipo mianya ya kweli pia, kwa kuwa wapo wanaobeba jeni hiyo bila kuonyesha chochote na kuipitisha kwa watoto.

Ualbino hufuata njia iliyo kinyume. Aina iliyoenea zaidi Afrika kusini ya Sahara hutokana na hitilafu katika jeni iitwayo OCA2, nayo ni sifa fichwa, yaani haionekani mpaka mtu awe na nakala mbili zenye hitilafu, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye nakala moja huitwa mbebaji, na ngozi yake haina tofauti na ya jirani yake. Wabebaji wawili wakizaa, kila mimba ina uwezekano wa robo moja wa kumpata mtoto mwenye ualbino, nusu wa kumpata mbebaji, na robo wa kumpata asiye na hitilafu kabisa. Na uwezekano huo haupungui kwa sababu mtoto aliyetangulia alikuwa nao. Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu 9,729 wenye ualbino, idadi ndogo ambayo huficha ukweli kwamba wabebaji ni wengi zaidi ya hapo kwa mbali. Mchoro hapa hufanya kazi ambayo maneno mengi hayaiwezi, kwa maana huonyesha kwa macho kwamba mstari umetoka pande zote mbili, na kwamba shutuma anayotupiwa mke, ama ya laana ya kwao ama ya uzinzi, haina msingi. Ndugu wa mtu mwenye ualbino ambaye mwenyewe hana, akiuliza kama ni mbebaji, ajibiwe kwamba uwezekano ni theluthi mbili, kwa kuwa kati ya matokeo manne ya wazazi wake lile la ualbino limeshaondolewa, na kati ya matatu yaliyobaki mawili ni ya ubebaji. Desturi ya kutooana ndani ya mbari moja imesaidia kupunguza kukutana kwa jeni fichwa za namna hii, tofauti na baadhi ya jamii za pwani na za Ghuba ambako ndoa za binamu zinaruhusiwa na ambako mistari miwili sambamba katika mchoro ni jambo la kawaida.

Hemofilia, ugonjwa wa damu kukawia kuganda, ndiyo inayodai usikivu mkubwa kuliko zote. Jeni yake imo katika kromosomu X, na kwa kuwa mwanamume ana X moja tu, anayoipata kwa mama yake, hitilafu moja inatosha kumuuguza, wakati mwanamke, mwenye X mbili, akiwa na hitilafu katika moja kwa kawaida huwa mbebaji. Baba mgonjwa hawezi kumrithisha mwanawe, ila mabinti zake wote huwa wabebaji. Mama mbebaji huweza kumrithisha kila mwana kwa uwezekano wa nusu. Kwa hiyo ugonjwa husafiri kwa wanawake na kujitokeza kwa wanaume, na dalili yake katika simulizi za familia ni wajomba na watoto wa kiume wa dada za mama, kamwe si baba wadogo. Katika jamii zinazotahiri wavulana wakiwa wakubwa, kama Wakikuyu, Waembu na Wameru, simulizi hizo mara nyingi huwa za tohara: mvulana aliyevuja damu kwa siku nyingi baada ya kisu, na ambaye kifo chake kilielezwa kwa uchawi au mwiko uliovunjwa. Marabi walioandika Talmudi waliushughulikia mkasa huo karne nyingi kabla ya jeni kujulikana, wakajadili mama aliyepoteza wana wawili kwa tohara, kwamba wa tatu asitahiriwe, na wakalizungumzia pia suala la dada ambao wana wao wanakufa kwa namna hiyohiyo. Na mwaka 1803 daktari John Conrad Otto wa Philadelphia alieleza familia ya wavujaji damu iliyofuatiliwa hadi kwa mwanamke mmoja. Familia yenye kumbukumbu kama hiyo upande wa mama isingoje likizo ya Disemba, wavulana wanapotahiriwa. Mvulana apelekwe hospitali kupimwa damu kabla ya tohara, na daktari aonyeshwe mchoro, huku ikikumbukwa kwamba mchoro safi hauthibitishi usalama, kwani takribani theluthi moja ya wagonjwa hutokana na hitilafu mpya isiyokuwapo katika ukoo.

Mahali pa asili ya kila nyanya na babu ni sehemu ya mchoro, na Mlima Kenya wenyewe una nafasi katika ushahidi wa jambo hilo. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aliungana na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokuja Mlima Kenya, akakusanya damu ya watu wa sehemu mbalimbali za nchi, akaona kwamba ubebaji wa selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu, ulizidi asilimia 20 katika baadhi ya jamii za pwani na za kandokando ya Ziwa Victoria, lakini nyanda za juu ulikuwa chini ya asilimia moja. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba wabebaji hukingwa kiasi dhidi ya malaria, ndiyo sababu hitilafu hiyo ikadumu kwenye mbu wengi na kupungua kwenye baridi. Familia ya Nyeri isiyo na historia ya ugonjwa huu isijidanganye basi, ikiwa kijana wake ameoa Kisumu au Kilifi na watoto wake wanaoa au kuolewa huko. Kipimo cha damu ni chepesi, na kinafaa kufanywa kabla ya ndoa.

Sifa nyingi zinazowasumbua watu, hata hivyo, hazifuati mojawapo ya njia hizi. Presha ya damu na sukari hutokana na jeni nyingi zikichangamana na chakula, mwili usiotumika na umri, na familia inayorithishana jeni hurithishana pia chumvi, sukari ya chai na sufuria, hata mchoro peke yake usiweze kutenganisha kilichotoka damuni na kilichotoka jikoni. Njia moja ya kuusaidia ni kuwaandika pia waliooa au kuolewa katika boma, kwa kuwa mke na mume wasio na undugu wakiugua sawa baada ya kula pamoja miaka 40, jiko lina lake la kujibu. Glakoma, ile inayoitwa presha ya macho ingawa haihusiani moja kwa moja na presha ya damu, iko karibu zaidi na nasaba: utafiti uliofanywa Rotterdam na kuchapishwa 1998 ulikadiria kwamba ndugu na watoto wa wagonjwa wana hatari ya asilimia 22 maishani, dhidi ya asilimia 2.3 kwa wengine. Kwa kuwa huiba uwezo wa kuona bila maumivu, kila ndugu na mtoto wa aliyejazwa wino katika mchoro, hasa aliyefikisha miaka 40, apimwe macho hata kama anaona vizuri. Kwa upande mwingine, kukunja ulimi, mfano unaopendwa madarasani, hakufai kuthibitisha uzazi wa mtu yeyote, kwa sababu tangu 1952 inajulikana kwamba pacha wa kufanana huweza kutofautiana katika jambo hilo, na mzazi asiyekunja ulimi mwenye mtoto anayeukunja hana cha kutiliwa shaka.

Sheria ya Kenya ya kulinda data ya mwaka 2019 huweka habari za afya, za jeni na za familia katika kundi la data nyeti, na hata pale sheria isipomgusa mtu anayechora kwa matumizi ya nyumbani, utaratibu wake ni mzuri kuigwa. Nakala mbili zinafaa: moja yenye majina, ikae kwa mtu mmoja aliyekubaliwa na familia, na nyingine yenye namba, umri na magonjwa tu, ndiyo ipelekwe kliniki. Haifai mchoro kupigwa picha na kutumwa katika kundi la simu la ukoo. Daktari, awe wa hospitali ya rufaa ya Nyeri au ya misheni, hahitaji vizazi saba. Vitatu vilivyojazwa kwa uaminifu, pamoja na tarehe mchoro uliporekebishwa mara ya mwisho, vinamtosha kuamua nani apimwe nini, na tarehe hiyo hubadilishwa kila kunapozaliwa, kunapozikwa au kunapotolewa jibu jipya la hospitali.